UZI: Juu ya genge la Mwitanzige mvua za Machi zinapoanza. Ndege, maua ya porini na vitundu vya mdiria

#1 | Mama Muziri (Hoima), mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni mchuuzi wa samaki wadogo, wale ambao huku Ziwa Albert tunawaita muziri na ragoge. Kwetu ni Tanga, nimeolewa Hoima, na huu ni mwaka wa kumi na mbili. Kazi inanitaka niwe mwaloni, pale ufukoni mitumbwi inaposhusha samaki, kabla jua halijachomoza: nanunua, naanika, jioni mzigo unapanda gari. Katikati hapo kuna saa nne tano za kusubiri jua lifanye kazi yake. Namwachia wifi yangu fimbo ya kufukuzia kunguru, mimi napanda juu ya genge, ule ukuta mrefu wa ardhi unaosimama juu ya ziwa. Nimefanya hivyo kwa miaka saba sasa.

Kwa wasiopajua: ukitoka Hoima kuelekea ziwani unapita mashamba ya mihogo na mahindi, nchi ya juu ya kawaida kabisa, halafu ardhi inakatika. Chini, mamia ya mita, kuna tambarare nyembamba, kisha maji. Hili ndilo Bonde la Ufa la upande wa magharibi. Ziwa lina urefu wa kama kilomita 160 na upana wa kama 30, na ng'ambo ni milima ya Kongo, ambayo mvua ikishanyesha usiku unaweza kuhesabu mikunjo yake asubuhi. Wanyoro wanaliita Mwitanzige, muuaji wa nzige. Mpelelezi Mwingereza Samuel Baker na Florence, aliyekuja kuwa mkewe, walifika kwenye ukingo kama huu tarehe 14 Machi 1864, wakiwa hoi kwa homa, ndipo likapewa jina la Albert, mume wa malkia wa Uingereza aliyekuwa ameshafariki. Mwaloni jina la zamani halijafa.

Nimeitaja tarehe hiyo kwa sababu Machi ndio mwezi ninaotaka kuusemea.

Wenzetu wa Ulaya wana majira yao ya kuchipua. Sisi tuna kiangazi kinachoanza Desemba, nyasi zinakauka, moto unapita, genge lote linabaki jeusi mpaka unamwonea huruma mbuzi. Halafu inanyesha mvua ya kwanza. Siku chache baadaye unaona majivu yametobolewa. Kinachotoka kwanza wala si nyasi, ni ua. Bua moja nene, bila jani hata moja, limebeba mpira mwekundu wa ukubwa wa chungwa na zaidi. Jina lake la kitaalamu ni Scadoxus multiflorus. Ukiliona kwa mbali utasema ni kitu kimedondoshwa na mtoto. Piga magoti karibu nalo. Utaona si ua moja, ni maua madogo mengi yaliyosongamana, yanaweza kufika 200, kila moja limetoa nyuzi zake nje, na kwenye ncha ya kila uzi kuna chembe ya njano. Niligusa moja, kidole kikabaki na vumbi la njano mpaka nilipofika kwenye ndoo. Mwezi mmoja baadaye ukipita hapo unakuta majani tu, huwezi kuamini kilichokuwapo.

Lingine ni mkalamu, ule mtambao ambao ncha za majani yake zinajisokota na kushika nyasi ili upande. Ua lake ni jekundu na njano, limegeuza petali zote kuelekea juu na kuziacha nyuzi zikining'inia chini. Huyu anakuja Aprili, mvua zikishakolea. Wenye watoto na mbuzi, angalizo: kiazi chake kina sumu kali ya kolkisini. Tazama, usichimbe.

Chini ya miguu kuna kongwa, ua la buluu dogo kuliko kucha ya kidole gumba. Linafunguka asubuhi, na mchana limeshajikunja. Aliyelala mpaka saa nne haoni kitu.

Sasa ndege. Machi na Aprili genge hili linakuwa barabara. Wale waliokuja kukaa Afrika wakati wa baridi ya Ulaya na Asia wanarudi kwao kuzaa. Keremkerem unawasikia kabla ya kuwaona, sauti laini ya kuviringika, unainua kichwa na wako juu kabisa, kundi zima, wanakwenda kaskazini huku wakigeuka kukamata nyuki. Mbayuwayu wanapita chini, usawa wa magoti yangu, wakifuata ukingo. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu kama 20. Mimi napima muziri kwa kilo kila siku, mizani yangu haiwezi hata kumhisi ndege huyo, na anakwenda Ulaya kwa mabawa yake.

Nilichojifunza ni kukaa. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa natembea kilomita nyingi nikirudi na miguu inauma na ndege kumi. Siku moja mvua ilinikamata, nikajibanza chini ya mkwaju kwa saa nzima, na saa hiyo moja ikanipa kuliko wiki iliyotangulia. Tangu hapo natembea kidogo, nakaa sana.

Kuhusu mdiria, yule ndege mvua samaki, na vitundu vyake nitaandika chini, maana nina uchungu nalo na sitaki nilianze nikiwa na haraka. Gari limekuja.

#2 | Msafiri wa Masaka

Mama Muziri, naweka kambi hapa. Ukipata nafasi tiririka.

#3 | Abwoli K

Dada, asante. Mimi ni mtoto wa Bunyoro, nimekulia Kigorobya, na nakiri nimepita hapo mara mia nikiwa na haraka ya kufika Butiaba. Maswali mawili. Unatembea sehemu gani hasa, na je, kuna ruhusa? Nisije nikaenda na familia tukageuzwa.

#4 | Mama Muziri, mleta uzi

Abwoli, habari za siku. Kuna sehemu mbili.

Ya kwanza ni genge kubwa lenyewe, barabara zinapoteremka kwenda ziwani. Hapo ni njia za watu, za kuni na mifugo, unasalimia tu wenye mashamba. Watu wa huku ukiwaita kwa mpaako wao, yaani jina lao la heshima, utapewa na maji ya kunywa, lakini hilo nakufundisha wewe mwenye nyumba!

Ya pili ni Kabwoya, hifadhi iliyo kati ya genge na ziwa. Ile ni ya Mamlaka ya Wanyamapori, kuna ada, na unatembea na askari wa hifadhi kwa sababu kuna nyati. Mle ziwa lina genge lake dogo, udongo laini unaosimama wima juu ya maji. Ukisimama pale unawatazama ndege mgongoni badala ya tumboni. Furukombe akipita chini yako unauona mgongo wake na kile kichwa cheupe kikigeuka huku na huku, jambo ambalo ukiwa ndani ya mtumbwi huwezi kuliona kamwe. Swala wa Uganda, yule wa kwenye nembo ya taifa, anakula majani mapya nyuma yako.

Na familia, nakuomba jambo moja. Udongo wa kingo hizo ukishalowa unapasuka kwa ufa unaoenda sambamba na ukingo, hatua mbili tatu ndani. Nyasi zinauficha. Watoto wakae mbali, na wewe ukitaka kuchungulia, lala kifudifudi.

#5 | Kiongozi Msitu (Masindi)

Naomba nichangie kidogo, kuongoza wageni wa ndege ni kazi yangu.

Mleta uzi amesema genge ni barabara, na ni kweli, ila watu wajue kwa nini. Jua likipanda, upepo wa ziwani unakuja, unagonga ukuta, hauna pa kwenda ila juu. Ndege wazito, tai, mwewe, korongo, hawawezi kupiga mabawa kutoka huku mpaka Ulaya, wangekufa njiani. Wanatafuta hewa inayopanda, wanazunguka ndani yake mpaka wafike juu, kisha wananyoosha mabawa na kuteleza mpaka kwenye hewa nyingine. Bonde la Ufa na Bahari ya Shamu ndiyo njia ya pili kwa umuhimu duniani kwa ndege wa namna hii, zaidi ya milioni 1.5 kila msimu. Kwa hiyo usiende saa kumi na mbili alfajiri ukitegemea tai. Alfajiri ni ya ndege wadogo na maua. Tai subiri saa nne, jua lichemshe mawe.

Pia, mama, baadhi ya hao unaowaita mbayuwayu huenda ni teleka. Mtazame bawa: la teleka ni kama mundu na halikunjiki njiani, na hutamwona ametua juu ya waya wala tawi, miguu yake hairuhusu. Mbayuwayu anatua.

Upande wa Butiaba, mabondeni kwenye miti, sikiliza pia shorobo mwenye kishungi cheupe. Akiruka, bawa linafunguka jekundu. Rangi hiyo imo ndani ya unyoya wenyewe na imetengenezwa na shaba, si mng'ao wa mwanga kama ule wa ndege aitwaye chozi.

#6 | Mama Muziri, mleta uzi

Kiongozi, asante sana. Jana nilikwenda kuhakikisha. Wale wa magotini ni mbayuwayu, niliwaona wametua. Wale wa juu yao, wanaokata hewa kwa sauti, ni teleka. Miaka saba nimewachanganya.

#7 | Papa Kasenyi

Jambo sana ndugu zangu. Mimi ni wa ng'ambo, Ituri, Kasenyi, hapo hapo mnapopatazama asubuhi. Mama Muziri anaandika milima ya Kongo, na mimi kila siku natazama genge lenu la Uganda likipata jua la jioni. Huwa jekundu kama tofali.

Nataka kuongeza kitu cha ziwani. Sisi wavuvi wa usiku tukizima taa na kurudi pwani, kuna wakati tunakutana na mbayuwayu katikati ya maji, mbali na ardhi pande zote. Wakichoka wanatua kwenye mtumbwi. Niliwahi kubeba saba juu ya kamba ya nanga mpaka ufukoni. Hakuna mtu mtumbwini aliyewagusa, na siku hiyo tulikuwa na njaa. Baba yangu alituambia mgeni wa njia hafukuzwi.

Huku kwetu hali si ya kutembeatembea kwenye vilima kutazama ndege. Watu wengi wamehama makwao, wengine wako kwenu, kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Kwa hiyo endelea kuandika mama. Sisi tunatembea kupitia kwako.

#8 | Mama Muziri, mleta uzi

Papa Kasenyi, nimeisoma ya kwako mara tatu, nikamsomea na wifi. Jioni ya leo nikiwa genge nitasimama upande wa jua. Poleni sana na hali, Mungu awarudishe watu makwao.

#9 | Nalubaale Mtazamaji (Entebbe)

Sisi wa Ziwa Victoria hatuna genge kama hilo, tuna vinamasi. Mabamba kuna korongo-nyangumi, Waganda wanamwita bulwe. Zamani wavuvi walimchukia, walisema ukimwona hupati samaki, maana yeye na wao wanamtaka kamongo yule yule. Leo wengi wao wanapeleka wageni kumwona kwa mtumbwi. Hayo tu. Mama, hadithi ya mdiria tunaisubiri.

#10 | Mama Muziri, mleta uzi

Haya, nimekaa.

Mdiria ninayemsema ni yule mweusi na mweupe. Kila aliyewahi kufika ziwa lolote la Uganda amemwona: anasimama hewani juu ya maji akipigapiga mabawa, mdomo umeelekea chini, halafu anajiachia kama jiwe. Anaweza kummeza samaki angali hewani, bila kurudi kwenye tawi, na kwa hiyo anavua mbali kuliko jamaa zake. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja tu, na umekatika katikati, kama mtu aliyesahau kufunga kifungo. Ukishajua hilo unaanza kuwafahamu mmoja mmoja.

Anataga ndani ya udongo. Anachimba kwa mdomo, anafukua kwa miguu, tundu linaingia ndani mita nzima na zaidi, mwisho kuna chumba. Kando ya mwalo wetu kuna ukuta wa udongo wa mchanga, juu kidogo ya usawa wa maji, na ule ukuta ulikuwa mtaa wao. Mwaka juzi nilihesabu matundu 31.

Mwezi Mei mwaka huo huo ilikuja tipa ya mkandarasi mmoja, jina lake siliweki hapa. Walikuwa wanatafuta mchanga wa kujengea. Ukuta ule ulikuwa rahisi, wameukuta umesimama, wakaukata kwa sepetu na sururu kuanzia juu. Ilikuwa saa tano mchana. Mimi nilikuwa juu nikiteremka, nikakimbia, nikafika wameshapakia tipa ya pili. Niliwauliza kama hawaoni ndege wanavyolia. Kijana mmoja akanijibu kwa heshima kabisa, "Mama, sisi tumetumwa." Sikumlaumu, alikuwa anafanya kazi aliyopewa.

Kilichoniumiza kilikuja baada ya tipa kuondoka. Wale wazazi waliokuwa wameenda kuvua walirudi. Kila mmoja na samaki wake mdomoni, akaja moja kwa moja mpaka mahali tundu lake lilipokuwa, akasimama hewani mbele ya udongo mtupu. Anapiga mabawa, anatazama, anaondoka, anazunguka, anarudi pale pale. Samaki bado mdomoni. Nilikaa mpaka saa kumi wakaendelea. Mmoja nilimtambua, jike, ule mkanda wake wa kifuani ulikuwa na doa upande wa kushoto. Alirudi mara ambazo nilishindwa kuzihesabu.

Muziri zangu ziliharibika siku hiyo, kunguru walikula nusu. Wifi hakuniuliza kitu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji. Niwe mkweli, nilidhani atanifukuza, nani anakwenda serikalini kushtakia ndege? Mzee akanisikiliza, akasema jambo ambalo mimi sikulifikiria: ukuta ule ndio unaozuia ziwa. Mwaka 2020 maji yalipanda yakala nyumba za watu kwenye mialo mingi ya Albert, na mzee mwenyewe alilala shuleni na wajukuu. Wazee zaidi wanakumbuka mvua kubwa za 1961 na 1962, ziwa likapanda vibaya sana, na mwaka 1964 meli ya Robert Coryndon ikazama Butiaba. Sasa mtu anakuja kubandua ukuta wa mwisho uliobaki. Bandubandu huisha gogo. Kikao kilikaa, mawe yakapangwa yakapakwa chokaa, na mchanga sasa unachotwa upande wa pili kwenye shimo la zamani, mbali na maji. Hakuna aliyepelekwa mahakamani. Ilitosha watu kukaa na kusemezana.

Mwaka jana matundu yalikuwa mawili. Mwaka huu bado sijaenda kuhesabu, naogopa.

#11 | Msafiri wa Masaka

Mama, nimesoma nikasimama kidogo dukani, mteja akaniuliza kama nimefiwa. Nenda ukahesabu.

#12 | Abwoli K

Hili la mchanga liwafikie wengi. Huku kwetu sasa kuna mafuta, barabara mpya za lami, kambi, bomba linalokwenda mpaka Tanga kilomita 1,443. Kazi zimekuja na vijana wamepata ajira, mdogo wangu ni mmoja wao, siwezi kusema vinginevyo. Lakini kila kinachojengwa kinataka mchanga, na mchanga uko ufukoni. Hata eneo moja kubwa la visima vya mafuta hapo Buhuka limepewa jina la Kingfisher, yaani huyu huyu mdiria. Jina lake tumelichukua, basi na ukuta wake tumwachie.

#13 | Kiongozi Msitu (Masindi)

Mama, nikupe kitu cha kwenda nacho ukihesabu. Usitazame matundu tu, hesabu wanaoingia. Mdiria huyu ana tabia ambayo ndege wengi hawana: wapo madume wasio na jike ambao wanalisha watoto wa wengine. Kuna aina mbili. Wa kwanza ni mtoto wa kiume wa miaka iliyopita anayewasaidia wazazi wake. Wa pili ni mgeni kabisa, hana udugu nao.

Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwafuatilia kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha kule Kenya, akachapisha mwaka 1980. Naivasha, ambako kupata chakula ni rahisi, wazazi wanamfukuza mgeni. Victoria, ambako kulisha watoto ni kazi ngumu, wanamkubali, na watoto wanaopona wanakuwa wengi zaidi. Kwa hiyo tundu moja linaweza kuwa na watu watatu, wanne. Ukiona dume wa pili anaingia na samaki, hujakosea.

#14 | Nalubaale Mtazamaji (Entebbe)

Hilo sikulijua, na mdiria namwona kila siku nikinywa chai. Kesho naanza kutazama vifua.

#15 | Mama Muziri, mleta uzi

Wakuu, poleni kwa ukimya, ilikuwa Ramadhani, kisha sikukuu, kisha mvua. Sasa ni Mei.

Mikalamu imekwisha kuchanua, imebaki maganda yenye mbegu nyekundu. Keremkerem wamekwenda. Genge limekuwa kijani mpaka njia yangu imefungwa, napita kwa kusukuma nyasi kwa mikono, na nguo inalowa mpaka kiunoni.

Jana asubuhi nilikwenda ukutani. Niliogopa kama mtu anayekwenda kupokea majibu ya hospitali. Nilikaa upande wa mawe ya chokaa, mbali kidogo, na darubini niliyoazima kwa mwalimu wa shule. Matundu tisa. Matatu yana utando wa buibui mlangoni, hayo si ya mwaka huu. Sita yana michirizi myeupe chini ya mlango, yanatumika.

Nikachagua moja nikalitazama tu hilo, kama Kiongozi alivyosema. Wa kwanza kuingia alikuwa jike. Baadaye kidogo dume, mikanda miwili, wa juu mpana. Akatoka, akapita juu ya kichwa changu kuelekea ziwani. Nikiwa bado namtazama akiishia kule, akaja dume mwingine, mkanda wake wa chini mwembamba kama uzi. Alisimama kwenye mzizi mbele ya tundu, na nikaiona muziri mdomoni mwake, kama hizi ninazonunua mimi. Kichwa cha samaki kilikuwa kimeelekea mbele, kwa anayekwenda kulishwa. Angekuwa anakula mwenyewe angeigeuza, kichwa kielekee kooni kwake.

Akainamisha kichwa, akaingia.